Kufundisha Usafishaji wa Majitaka kwa Njia ya Vipimo

Katika somo la Sayansi zipo mada ambazo mwalimu aweza kumwekea mwanafunzi kitu chenyewe mezani: mbegu inayoota, panzi, ua la mboga. Zipo nyingine zisizokubali kufundishwa hivyo, na usafishaji wa majitaka pasipo hewa ni mojawapo. Kazi yote hutendeka gizani, ndani ya tangi lililofunikwa, na watendaji wake ni vijidudu wasioonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo mwalimu aghalabu huchora tangi ubaoni, huonyesha kwa mishale maji yaingiapo na yatokapo, wanafunzi hunakili, na mada huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Mhudumu wa mtambo wa majitaka naye haoni ndani ya tangi lake. Anachofanya ni kupima kila siku, kuandika alichokipima, na kusoma katika tarakimu hizo hali ya kitu kilichofichika. Kazi hiyo ya ufuatiliaji yaweza kufanywa na watoto wa darasa la tano au la sita kwa chupa, mpira mwembamba na daftari. Hapo ndipo penye sayansi, kuliko katika mchoro.

Mtambo na kazi yake

Mwalimu hana budi kuufahamu mtambo mkubwa kabla ya kutengeneza mdogo. Mtambo wa kitanda cha matope ulibuniwa Uholanzi katika miaka ya 1970 na Gatze Lettinga pamoja na wenzake wa Wageningen. Mwanzoni ulitumika kwa majitaka ya viwanda, ambayo huwa na uchafu mwingi na mara nyingi ni ya vuguvugu. Ilipodhihirika kwamba waweza kufaa pia kwa majitaka ya miji katika nchi za joto, mtambo wa majaribio wenye ukubwa wa mita 64 za ujazo ulianza kuendeshwa mjini Cali, nchini Kolombia, mwaka 1983, na baadaye mji wa Kanpur nchini India ulijengewa mkubwa zaidi. Hapa Tanzania, kiwanda cha mvinyo wa ndizi mjini Arusha kimetumia mtambo wa namna hii kwa majitaka yake.

Majitaka huingizwa chini kabisa ya tangi lenye kimo cha mita 4 hadi 6, yakapanda polepole. Kwa majitaka ya mji mwendo huo huwa kama nusu mita kwa saa au zaidi kidogo, yaani karibu sentimita moja kwa dakika. Sakafuni pana tabaka nene la matope meusi, nalo ndilo kitanda chenyewe. Maji yanapopenya katika matope, vijidudu hula uchafu uliomo. Juu pana vipaa vya mteremko vinavyotenga vitu vitatu: gesi hukusanywa na kutolewa kwa bomba lake, maji hufurika kandoni, na matope hurudi chini. Mtambo hauna pampu ya hewa wala mashine ya kukoroga. Uzuri wake uko hapo, na udhaifu wake pia, kwa kuwa hakuna gurudumu la kutazama likizunguka ili mtu ajue kwamba kazi inaendelea.

Ndani ya matope wamo vijidudu wa namna nyingi, lakini kwa watoto yatosha kutaja makundi mawili. Kundi la kwanza huvunjavunja wanga, mafuta na protini na kuzigeuza asidi. Kundi la pili huzila asidi hizo na kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka. (Wataalamu wa leo hawaliiti kundi hili la pili bakteria, wamelitenga katika ukoo wake peke yake. Neno vijidudu laondoa utata huo darasani.) Kundi la kwanza huzaana upesi na huvumilia mengi. La pili huzaana polepole, huchukia ubaridi, na hushindwa kazi asidi inapozidi. Usalama wote wa mtambo wategemea kwamba walaji wa asidi wasiachwe nyuma na watengenezaji wake.

Mtoto wa Songea hahitaji mfano wa mbali ili aelewe jambo hili. Anaijua togwa. Anajua kwamba togwa ya jana ni tamu, na ya leo imeanza kuchacha, na kwamba wakati wa joto huchacha mapema. Wachachushaji wa togwa ni ndugu wa kundi la kwanza. Katika chungu cha togwa hakuna wa kuila asidi, basi hujikusanya mpaka ikafika ukali tunaoufahamu. Mtambo wa majitaka unaoharibika huwa umegeuka chungu cha togwa. Mwalimu akianza hapa hatapata taabu ya kueleza yanayofuata.

Hali ya Songea

Songea ni miongoni mwa miji ya Tanzania yenye mabomba ya kukusanya majitaka, ingawa nyumba nyingi bado hutumia vyoo vya shimo na makaro. Majitaka ya mabomba husafishwa kwa mabwawa. Mwanachuo asiwaambie wanafunzi kwamba tangi la kitanda cha matope liko mjini kwao. Awaeleze kwamba vijidudu ni wale wale: hupatikana katika tope la chini ya bwawa lenye kina, katika karo la nyumba, hata katika tumbo la ng'ombe. Tofauti ni kwamba bwawa lataka ardhi kubwa na siku nyingi, ambapo tangi lataka eneo dogo na saa 6 hadi 10, lakini ladai kuangaliwa kwa makini zaidi. Kadhalika tangi haliui vijidudu vya maradhi kiasi cha kutosha, wala haliondoi mayai yote ya minyoo. Ndiyo maana katika miji mingi maji yatokayo humo hupelekwa tena mabwawani kabla ya kuachiwa mtoni. Kwa mji uliopo karibu na milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, mwanafunzi hatashindwa kuona kwa nini maji yatokayo mjini yanawahusu pia watu wa mbali.

Jambo la pili la kuzingatia ni hali ya hewa. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai ina usiku wa baridi. Mtambo huu hufanya kazi vizuri pale maji yasipopungua nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa hiyo majaribio yaliyofanyika Februari na yale ya Julai hayatatoa matokeo sawa, na mwalimu asione haya juu ya hilo. Ni sehemu ya somo.

Kutengeneza chupa

Majitaka ya binadamu yasiletwe darasani kwa hali yoyote. Tutatumia mavi ya ng'ombe, ambayo vijidudu tunavyovihitaji vimo tayari. Hata hayo yashikwe kwa mti au kwa mifuko ya nailoni mikononi, na kila mtoto anawe kwa sabuni baada ya kazi.

Twaa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu inayopitisha nuru. Usitumie ya kioo, maana gesi ikikosa njia chupa yaweza kupasuka. Koroga mavi mabichi na maji kwa vipimo sawa, chuja kwa kitambaa cha matundu makubwa ili kuondoa majani, kisha jaza hadi theluthi mbili. Toboa matundu mawili katika kifuniko. Katika la kwanza pitisha mpira mwembamba hadi karibu na sakafu ya chupa. Huu ni wa kulishia. Katika la pili pitisha mpira mfupi unaoishia juu ya maji, ndani ya nafasi tupu. Huu ni wa gesi. Ziba kandokando kwa nta ya mshumaa au gundi. Ubavuni, chini kidogo ya usawa wa maji, weka mpira wa tatu wenye kibano, wa kutolea maji yaliyokwisha kusafishwa. Mpira wa kulishia nao ubanwe wakati wote usipotumika.

Mpira wa gesi upelekwe chini ya chupa nyingine iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Gesi itapanda na kusukuma maji nje. Chupa hiyo iwe imetiwa alama kila mililita 50 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Funika chupa ya matope kwa kitambaa cheusi, iwekwe mahali pasipo na jua kali wala moto. Gesi isiwashwe darasani. Watoto wataomba, na jibu ni hapana.

Wiki ya kwanza usilishe kitu. Gesi ya mwanzo aghalabu ni kabonidioksaidi zaidi kuliko methani, na yaweza kupita majuma mawili au zaidi kabla ya hali kutulia. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha ni lazima aanze chupa mapema, hata kabla hajafika kwenye mada, la sivyo ataondoka shuleni chupa ikiwa ndiyo kwanza imeamka. Hali ikiisha kutulia, kila siku toa mililita 50 za maji kwa mpira wa ubavuni, kisha ingiza mililita 50 za uji mwembamba sana wa mahindi uliopoa kwa mpira wa kulishia, polepole, upate kupanda kupitia matope.

Nini kipimwe

Katika mtambo halisi hupimwa mambo mengi: wingi wa maji yanayoingia kwa saa, joto, asidi, nguvu ya maji kuihimili asidi hiyo bila kubadilika, kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ungehitaji ili uunguzwe wote, yabisi yanayotuama katika chombo cha lita moja, wingi wa gesi, na unene wa kitanda. Kitanda hupimwa kwa kuchota matope kwa bomba ndogo zilizopangwa ukutani kwa vimo mbalimbali, ili ijulikane kimefika wapi. Kikipanda mno, matope huanza kutoka na maji.

Darasani vipimo vinne vyatosha, navyo vichukuliwe saa ile ile kila siku: joto la maji ya beseni, gesi iliyokusanyika, kimo cha matope katika chupa kwa rula, na asidi ya maji yaliyotolewa. Kwa asidi, karatasi ya litimasi husema upande tu, haisemi kiasi. Ikikosekana karatasi ya rangi nyingi, maji ya choya hufaa sana: loweka vipande vya karatasi nyeupe humo, vikauke, kisha tengeneza kwanza kipimio cha darasa kwa ndimu, siki, maji ya mvua na maji ya majivu. Wanafunzi wapange rangi hizo ubaoni kutoka nyekundu hadi ya kijani. Kazi hii yaweza kuchukua kipindi kizima na haipotezi wakati. Maji ya chupa yachujwe kwanza, maana weusi wa matope huificha rangi.

Hesabu pia zimo. Tuseme tangi lina kimo cha mita 4 na maji hukaa humo saa 8. Mwendo wa kupanda ni nusu mita kwa saa. Tuseme majitaka yanayoingia yana uchafu wa kuhitaji miligramu 600 za oksijeni kwa lita, na yanayotoka 180. Kilichoondolewa ni 420, yaani asilimia 70. Mtambo wa mji unaokwenda vizuri katika nchi ya joto hukaribia kiwango hicho. Kila gramu ya uchafu iliyoondolewa, ikipimwa kwa oksijeni hiyo, haiwezi kutoa zaidi ya lita 0.35 za methani. Mita moja ya ujazo ya majitaka yetu basi haitatoa zaidi ya lita 147, na kwa kweli hukusanywa pungufu ya hapo, kwa kuwa methani nyingine hutoka ikiwa imeyeyuka majini.

Daftari na ukweli wake

Tufikie sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ni kiini cha somo zima. Darasa lenye watoto sabini litagawanywa katika makundi, na kila kundi litakuwa na zamu. Siku moja kundi litasahau. Siku nyingine beseni litamwagika. Siku za Jumamosi na Jumapili hakuna atakayepima. Mwanafunzi mwenye bidii, akijua kwamba daftari litasahihishwa, atajaza nafasi tupu kwa tarakimu anazodhani zingekuwapo. Mara nyingi mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa kumpa alama za juu mwenye jedwali lililojaa na kumkaripia mwenye mapengo.

Tarakimu iliyobuniwa ina hatari kuliko pengo. Pengo humwambia msomaji asitegemee kitu hapo. Tarakimu ya kubuni humwambia ategemee uongo. Katika mtambo wa kweli, dalili ya kuharibika huwa ndogo sana mwanzoni, badiliko dogo la asidi kwa siku mbili tatu mfululizo. Mhudumu aliyejaza siku hizo kwa kukisia ameifuta dalili yenyewe. Atakuja kustuka maji yanayotoka yakinuka na matope yakielea, na kurudisha kitanda kilichoharibika huchukua majuma, pengine miezi. Siku ambayo hakuna kipimo, basi, daftari liandikwe "haikupimwa", na neno hilo lipewe alama sawa na tarakimu.

Chukua mfano huu wa gesi kwa mililita: Jumatano 50, Alhamisi 55, Ijumaa 60, Jumamosi na Jumapili haikupimwa, Jumatatu 165, Jumanne 52. Waulize wanafunzi Jumatatu kulitokea nini. Wengi watasema gesi iliongezeka mno. Usiwasahihishe haraka. Uliza tangu Ijumaa zimepita siku ngapi, na mmoja wao atagawanya 165 kwa 3 na kupata 55. Kundi lililojaza 60 na 60 kwa Jumamosi na Jumapili lingebakiwa na Jumatatu isiyoelezeka, na lingetafuta sababu ya jambo ambalo halikutokea.

Chupa ya pili

Vipimo huwa na thamani pale kuna la kugundua. Kwa hiyo iandaliwe chupa ya pili sawasawa na ya kwanza, na zote mbili zikiisha kutulia, ya pili ilishwe uji mzito wenye sukari, mara tatu ya kipimo, kila siku kwa wiki moja. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike anachotarajia.

Siku za mwanzo gesi ya chupa ya pili yaelekea kupanda. Watoto watashangilia na kusema inashinda. Hapa mwalimu anyamaze. Sukari inavunjwa na kundi la kwanza, nalo hutoa kabonidioksaidi kwa wingi, na chombo chetu hakitofautishi gesi na gesi. Karatasi ya choya, kwa upande wake, itaanza kusogea kuelekea wekundu wakati gesi bado yapendeza. Baadaye gesi yenyewe hupungua. Anayetazama safu moja ya jedwali atadanganyika. Anayetazama zote nne ataona chupa inachacha kabla haijanyamaza. Wahudumu wa mitambo hutumia njia iyo hiyo: hulinganisha asidi na nguvu ya maji kuihimili, wala hawangojei gesi ipungue.

Ikiwa katika wiki hiyo baridi imeingia na chupa zote mbili zimepungua gesi, safu ya joto itaeleza. Na ikiwa chupa ya pili haikuchacha kabisa, maana mavi ya ng'ombe huihimili asidi kwa kiasi kikubwa, liandikwe hivyo hivyo. Mwanachuo anayeogopa kwamba mkaguzi atakuta jaribio "limeshindwa" na kwa hiyo akatia ndimu kwa siri, amewafundisha watoto jambo jingine kabisa. Baadhi yao watalijua; watoto huona zaidi ya tunavyodhani.

Siku ya nane acha kulisha chupa ya pili, tia kijiko kimoja cha majivu yaliyochujwa kwa maji, kisha endelea kupima. Makundi yaweza kushindana kukisia ni siku ngapi zitapita kabla karatasi haijarudi rangi yake ya awali.

Baada ya somo

Chupa zifunguliwe nje, penye upepo, mbali na jiko. Uso usikaribie mdomo wa chupa, kwa kuwa ndani mna gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ni sumu. Maji na matope ya chupa ya pili yamwagwe kwenye shimo la mbolea au chini ya miti ya matunda, wala si kwenye tuta la mboga zinazoliwa mbichi. Matope ya chupa ya kwanza yasitupwe. Vijidudu vya namna hii huweza kukaa miezi mingi bila kulishwa na bado wakaamka, na chupa mpya inayoanzishwa kwa matope ya zamani hutulia mapema kuliko inayoanza na mavi mabichi. Yatiwe katika dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, liwekwe kivulini, na juu yake pabandikwe tarehe pamoja na jina la darasa. Daftari la vipimo lihifadhiwe pamoja nalo, kwa kuwa atakayelifungua dumu hilo muhula ujao atataka kujua matope hayo yalilishwa nini, na mara ya mwisho lini.